Mbwa Mdogo Kitandani: Udogo Si Kipimo cha Usalama

Wahenga walisema, "Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini." Walimaanisha kwamba mazoea yasiyowekewa mpaka humfikisha mtu pale ambapo hakukusudia kufika. Katika miji yetu mpaka huo umekuwa ukisogea. Kwa miaka mingi mbwa alikuwa mlinzi: alifungiwa bandani mchana, akafunguliwa usiku, na nyumba hakuiingia. Leo, Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, zipo familia zinazofuga mbwa wasioweza kumfukuza hata paka, kama vile Chihuahua, Maltese, Shih Tzu na Pomeranian. Hawa hufugwa kwa ajili ya kuliwaza na kuchezwa nao. Hulala ndani, na wengi wao hulala kitandani pamoja na wenye nyumba.

Wapo wasiolikubali jambo hili kwa sababu za dini na tohara, na msimamo wao hauhitaji uthibitisho wa daktari. Makala haya yanawahusu wale ambao tayari wanalala na mbwa, au ambao watoto wao wamekwisha kuanza kuomba ruhusa hiyo. Swali lao ni moja: je, ni salama?

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, anayelala na mbwa mzima aliyechanjwa, aliyepewa dawa za minyoo na asiyezurura, hatari ni ndogo. Lakini kila neno katika sentensi hiyo ni sharti, na masharti hayo aghalabu hayachunguzwi kwa sababu ya udogo wa mbwa. Mwenye nyumba asiyethubutu kulala na mbwa mkubwa wa ulinzi humpandisha yule mdogo kitandani bila kuuliza chochote. Ukubwa wa mwili hautuelezi mbwa amechanjwa nini, amekula nini, ameshinda wapi, wala analala na nani. Usalama wa kitanda umo katika majibu ya maswali hayo manne.

Udogo wa mwili na udogo wa umri

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Mbwa wa aina ndogo anaweza kuwa na umri wa miaka kumi na uzito wa kilo mbili. Mtoto wa mbwa mkubwa, naye, akiwa na wiki sita hubebwa kwa mkono mmoja. Nyumbani wote wawili huitwa "mbwa mdogo," na wote hupewa nafasi ileile kwenye shuka. Kitabibu, huyo wa pili ndiye wa kuhofiwa zaidi, na sababu ni tatu.

Kwanza, watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo. Mnyoo aitwaye toksokara hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, kisha hupita tena katika maziwa. Banda liwe safi namna gani, mtoto wa mbwa anaweza kuanza kutoa mayai ya mnyoo huo kwenye kinyesi akiwa na umri wa wiki tatu tu. Binadamu akiyameza mayai yaliyokomaa, viluwiluwi hutoka na kutangatanga mwilini, kwa kuwa haumo ndani ya mwili wa mbwa waliouzoea. Vikifika mapafuni huleta kikohozi na kukoroma kifua mithili ya pumu. Vikifika kwenye ini huleta homa na uvimbe. Vikifika jichoni huweza kuharibu uwezo wa kuona. Wanaopatwa zaidi ni watoto wadogo, wale ambao kila kitu hukipeleka mdomoni.

Hapa pana jambo la kutia moyo. Mayai ya toksokara hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki kadhaa ardhini ili yakomae. Kwa hiyo anayeondoa kinyesi uani kila siku hukata mnyororo wa ugonjwa kabla haujakamilika. Udongo wa bustani uliosahauliwa kwa mwezi mzima una hatari kubwa kuliko shuka lililofuliwa jana.

Pili, mtoto wa mbwa huwa bado hajajengewa kinga ya kichaa cha mbwa. Kwa kawaida chanjo hiyo hutolewa afikapo miezi mitatu. Tatu, yumo katika umri wa kuota meno: hutafuna vidole, huparuza kwa kucha kali, na hana uwezo wa kuzuia mkojo. Kwa sababu hizo tatu, mtoto wa mbwa hana nafasi kitandani hadi amalize chanjo zake za mwanzo na dawa za minyoo.

Kichaa cha mbwa na hatari ya huruma

Kichaa cha mbwa huua takribani watu 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio ya watafiti, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania peke yake makadirio yamefikia vifo 1,500 kwa mwaka. Wanne kati ya kila waathirika kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, hakuna tiba ya kutegemewa. Kilichobaki huwa ni kumpunguzia mateso.

Wengi humfikiria mbwa mwenye kichaa kuwa ni yule wa mtaani, mwenye macho mekundu na povu, anayemkimbilia kila mtu. Huyo yupo. Lakini ugonjwa huu una sura nyingine, ya kimya. Mbwa hupoa, hujificha chini ya meza, hukataa chakula. Taya la chini hulegea na mate humtiririka kwa sababu misuli ya kumeza imepooza. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, naye huingiza vidole kinywani kuutafuta. Usiku humfunika blanketi na kumlaza kando yake ili amwangalie.

Hapo ndipo kitanda kinapokuwa hatari kuliko wakati wowote mwingine. Mapenzi humsukuma mwenye mbwa kumkaribia mnyama zaidi siku ileile anayoumwa, na kirusi huwa kimekwisha kuingia kwenye mate, pengine siku kadhaa kabla ya dalili yoyote kuonekana. Kanuni ya kwanza ya makala haya ni hii: mbwa anayebadilika tabia, anayetokwa mate kuliko kawaida au anayeshindwa kumeza ahamishwe kitandani kabla ya jambo lingine lolote, atengwe mahali asipoweza kumng'ata mtu, na daktari wa mifugo aitwe. Vidole visiingizwe kinywani mwake.

Ngozi nzima isiyo na jeraha haipitishi kirusi hicho. Lakini mate yakigusa jicho, mdomo au kidonda kibichi, tukio hilo huhesabiwa kuwa zito sawa na kung'atwa. Mtu akipatwa na lolote kati ya hayo, au akiparuzwa na mbwa asiyejulikana hali yake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Osho hili ni sehemu ya tiba: kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Jicho au mdomo vioshwe kwa maji safi mengi. Tumbaku, pilipili, mafuta ya taa na majani visitiwe kwenye jeraha. Kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa anayeonekana mzima huangaliwa kwa siku kumi, lakini uamuzi wa kuanza au kungoja chanjo ni wa mhudumu wa afya, si wa familia.

Bakuli la mbwa na kitanda cha mwenyewe

Swali la pili lilihusu chakula. Katika nyumba nyingi mbwa hupewa mapafu na maini mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe kutoka buchani, kwa kuwa ni rahisi na mbwa huyapenda. Viungo hivyo huweza kuwa na malengelenge ya maji yaliyobeba vichwa vichanga vya tegu mdogo sana, ambaye akikomaa ndani ya utumbo wa mbwa urefu wake ni milimita chache tu. Mbwa mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote. Hucheza, hung'aa manyoya, na hutoa mayai.

Mayai ya tegu huyu hayafanani na yale ya toksokara. Huwa tayari kuambukiza tangu yanapotoka, nayo hunata kwenye manyoya. Mbwa hujilamba sehemu za nyuma, kisha hulamba uso wa anayelala naye. Au mtu humpapasa usiku na asubuhi hula bila kunawa. Ndani ya mwili wa binadamu yai huzaa mfuko wa maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu, unaokua taratibu kwa miaka bila maumivu. Mgonjwa huja hospitali akiwa na tumbo lililovimba, na mara nyingi hakumbuki hata mbwa aliyehusika. Mfuko huo ukipasuka ndani ya mwili huweza kusababisha mshtuko wa mzio unaoua. Tiba yake huchukua muda mrefu, na wapo wanaohitaji upasuaji.

Ugonjwa huu, uitwao hidatidi, tunaujua vyema Afrika Mashariki. Tafiti za miaka ya 1970 na 1980 kaskazini-magharibi mwa Kenya zilionyesha kwamba Waturkana walikuwa miongoni mwa jamii zenye kiwango cha juu kabisa cha hidatidi duniani. Mbwa waliingia ndani ya makazi, walilamba vyombo, na waliachiwa kuwasafisha watoto wachanga kwa ulimi. Mbwa hao hao walikula matumbo ya mifugo iliyochinjwa. Mkazi wa mjini anaweza kudhani habari hiyo ni ya mbali naye. Lakini anayempa mbwa wake mapafu mabichi saa kumi na mbili jioni, kisha akamlaza mtoni saa tatu usiku, ameikusanya minyororo yote miwili ndani ya nyumba moja.

Kinga yake ni nyepesi: viungo vya ndani vichemshwe hadi viive kabisa, na mbwa apewe dawa ya prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Dawa nyingi za kawaida za minyoo ya mviringo hazimuui tegu huyu. Ni vyema kuuliza kabla ya kununua.

Viroboto, kupe na chandarua

Swali la tatu ni mahali mbwa anaposhinda. Anayetoka nje hurudi na wageni. Kiroboto huruka kutoka kwa mbwa hadi kwa mtu, na shuka ni daraja lake. Kwa kawaida huleta muwasho tu, na mara chache mtoto humeza kiroboto na kupata tegu mwingine asiye na madhara makubwa. Hata hivyo historia inatuonya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu tisa walionusurika tauni katika jimbo la New Mexico, Marekani, walilinganishwa na majirani zao, na ilionekana kwamba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamelala kitanda kimoja na mbwa. Waliochunguzwa ni wachache, lakini njia ya maambukizi inaeleweka. Nasi tuna sababu ya kuizingatia, kwani katika milima ya Lushoto, mkoani Tanga, tauni ilizuka mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia mwaka 1980.

Kupe wa kahawia wa mbwa ni tatizo la aina nyingine: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba, akitaga kwenye nyufa za ukuta na mbao za kitanda. Humwambukiza mtu homa ya kupe yenye vipele. Wapo wanaotatua tatizo hili kwa kumwogesha mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kipimo kilichokusudiwa mnyama wa kilo 300 ni sumu kwa mnyama wa kilo mbili, na masalia yake hubaki kwenye manyoya yatakayogusana na uso wa mtoto usiku kucha. Zitumike dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa uzito wake.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitaji. Chandarua hukinga pale tu kinapochomekwa vyema chini ya godoro. Mbwa anayeshuka usiku kunywa maji huacha mwanya, na akirudi hukwaruza wavu kwa kucha. Mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku wa manane, saa hizohizo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mwanya huo ni hatari kubwa kuliko takribani magonjwa yote ya mbwa yaliyotajwa hapa. Mbwa alale nje ya chandarua.

Wasiopaswa kulala na mbwa

Swali la mwisho ni nani analala naye. Kwa watu wafuatao jibu langu ni hapana, hata mbwa awe na kadi kamili ya chanjo.

Mtoto mchanga, kwa sababu mbwa mwenye kilo tatu akilala juu ya uso au kifua cha mtoto wa mwezi mmoja anaweza kuziba pumzi yake. Mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu hugeuka usingizini na kumkandamiza mbwa, naye mbwa aliyeshtuka huuma kilicho karibu, yaani uso.

Mtu aliyeondolewa bandama, na mgonjwa wa sikoseli ambaye bandama lake limedhoofika. Kinywani mwa mbwa mzima kabisa huishi bakteria aitwaye kapnositofaga, ambaye ni nadra kumdhuru mtu mwenye kinga kamili, lakini kwa wasio na bandama anaweza kusababisha sumu ya damu ndani ya siku chache tu. Hali hiyo huwahusu pia wenye ugonjwa mkubwa wa ini, wanaotibiwa saratani, na wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni asiruhusu mbwa alambe kidonda hicho. Imani kwamba ulimi wa mbwa huponya haina msingi.

Mwenye pumu au mzio wa mbwa. Wauzaji husema aina fulani hazisababishi mzio. Mzio huletwa na mate, mkojo na mba za ngozi, na hakuna aina ya mbwa isiyokuwa na vitu hivyo.

Usalama wa mbwa na ubora wa usingizi

Mbwa naye ana haki ya kuulizwa. Mifupa ya miguu ya mbele ya aina ndogo ni myembamba, na kuruka kutoka kitanda kirefu kunaweza kuivunja. Aina zenye mgongo mrefu, kama Dachshund, huweza kupata madhara ya uti wa mgongo kwa kuruka mara kwa mara. Wenye pua fupi hushindwa kujipoza wakifunikwa blanketi katika joto la pwani. Na mtu aliyekunywa pombe au dawa za usingizi anaweza kumlalia bila kuhisi.

Kuhusu usingizi wa binadamu, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka 2017 matokeo ya watu wazima 40 wasio na matatizo ya usingizi, waliopimwa kwa usiku saba. Mbwa alipolala chumbani lakini si kitandani, walilala asilimia 83 ya muda waliokuwa kitandani. Alipopanda kitandani, asilimia 80. Tofauti ni ndogo, lakini inaonyesha kwamba faraja ya kuwa karibu na mbwa hupatikana pasipo kumpa mto.

Masharti kwa anayeamua kulala naye

1. Chanjo ya kichaa cha mbwa, pamoja na marudio yake, iwe imeandikwa kwenye kadi. Maneno ya muuzaji hayatoshi.

2. Dawa ya minyoo: watoto wa mbwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili hadi ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, mbwa wazima kila baada ya miezi mitatu, au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza.

3. Chakula kilichoiva. Viungo vya ndani vibichi visitumike kamwe.

4. Ukaguzi wa kupe na viroboto kila jioni, hasa masikioni, kwapani na katikati ya vidole.

5. Matandiko yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

6. Mbwa alale miguuni, juu ya kitambaa chake, na si kwenye mto. Asilambe uso wala jeraha. Mikono inawiwe asubuhi kabla ya kula.

7. Akiugua, au ukiugua wewe, kila mmoja alale peke yake.

Ambaye hawezi kutimiza masharti haya yote asidhani amelazimika kuachana na mbwa wake. Godoro dogo sakafuni, kando ya kitanda, nje ya chandarua, huondoa sehemu kubwa ya hatari zilizoelezwa. Mbwa hulala palepale anaposikia pumzi ya mwenyewe, na mwenyewe hunyoosha mkono akamgusa anapotaka. Hilo ndilo ninalowashauri wazazi kliniki, na ni wachache niliowaona wakirudi kulalamika kwamba mbwa amekataa.